Pimbi Alivyokosoa Picha za Kiboko

Mpo?

Tupo!

Mmekula?

Tumekula!

Aliyeshiba asisinzie, mwenye njaa asinune. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na bonde, bondeni pakawa na bwawa, bwawani pakawa na... nani?

Nani?

Ngojeni basi. Mbona mna haraka?

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana kamera zilikuwepo, wanyama wa bonde moja walikuwa na kamera. Msiniulize waliipata wapi. Haya, mmeshaniuliza. Gari la watalii lilikwama topeni, watalii wakashuka, wakaondoka kwa miguu huku wakilaumiana, wakasahau kamera juu ya boneti. Ilikuwa kamera ya aina ile inayotapika picha papo hapo. Unabonyeza, kacha! Inatoa ulimi, ziiiii! Picha hiyo mkononi. Karatasi zake haziishi? Za ngano haziishi. Na kiboko anashikaje kamera kwa miguu ile? Jamani, mmekuja kusikiliza au kubishana?

Kamera ikawa ya wote. Leo iko kwa Twiga, kesho iko kwa Kanga, keshokutwa iko kwa Nyumbu. Wakapiga picha za mandhari. Wakapiga mlima, wakapiga mawingu, wakapiga mgunga, wakapiga mlima tena. Kila Ijumaa walikutana kwenye mwamba anakoishi Pimbi, wakazitundika picha kwenye miiba ya mgunga, wakazikosoa.

Na kukosoa kulikuwa na desturi yake. Mkosoaji anaanza na jema. Kisha anasema kasoro. Kisha anasema mwenye picha afanyeje. Ukitaja kasoro usiseme afanyeje, hujakosoa, umenuna tu, unaambiwa ukae chini. Na mwenye picha anafunga mdomo mpaka wamalize. Hajitetei. Hasemi kulikuwa na upepo, hasemi jua lilimpiga machoni. Wakishamaliza anasema neno moja tu, "Nimesikia." Na aliyesema nimesikia lazima arudi akapige upya kama alivyoambiwa. Picha ikipita yote hayo, inawekwa juu ya Jiwe la Heshima pale njia panda, kila mpita njia aione.

Fundi wa kukosoa alikuwa Pimbi. Mdogo, mnene mnene, mkia hana. Lakini kutwa nzima alikaa juu ya mwamba wake anatazama mbali, kwa hiyo alijua jua linaingia wapi na kivuli kinalala wapi. Wenzake walimpenda kwa sababu akikukosoa huondoki umeumia, unaondoka na kazi ya kufanya.

Basi kikaja kiangazi. Mto ukakauka. Visima vikakauka. Vidimbwi vikapasuka vikawa vigae. Likabaki bwawa moja tu bondeni, na ndani yake amelala Kiboko.

Kiboko akasema, "Maji haya ni yangu."

Wakamuuliza, "Yako kivipi, Mzee?"

"Si mnaona niko ndani yake?"

Waliotaka kuendelea na mazungumzo aliwafungulia mdomo. Mdomo wa Kiboko ukishafunguka, mjadala umekwisha. Wanyama wakawa wanalamba umande asubuhi na kutafuna mizizi mchana.

Siku ya pili Kiboko akasema, "Na kamera nayo ni yangu."

Nyumbu, ambaye hajui kunyamaza panapotakiwa kunyamaza, akauliza, "Kwani na hiyo uko ndani yake?"

Tindi! tindi! tindi! Nyumbu alifukuzwa mpaka akapotelea nyuma ya kichuguu.

Sasa, Pimbi alikuwa na kitindamimba wake, jina lake Kiduchu. Umande haukumtosha Kiduchu. Midomo ilimpasuka. Michezo akaacha. Akawa amejilaza kwenye ufa wa mwamba, mama yake akimwita anaitika kwa sikio moja tu, sauti haitoki. Pimbi alimtazama mwanawe, akalitazama bwawa kule chini linameremeta, moyo ukamuuma mpaka akaogopa. Alijua mtoto huyu hawezi kungoja mvua.

Na Kiboko? Kiboko ana maji, Kiboko ana kamera, Kiboko amekosa nini? Amekosa sifa. Za woga alikuwa nazo tele. Kanga akipita karibu naye alikuwa anasema, "Inapendeza, Mzee! Inapendeza!" hata kabla hajaonyeshwa picha yenyewe. Sifa hizo zilikuwa zimemkinaisha. Alitaka picha yake iwekwe juu ya Jiwe la Heshima, na iwekwe kihalali, kama za wenzake.

Ijumaa moja, wanyama wamekaa mwambani na makoo yao makavu, wakasikia tindi! tindi! tindi! Kiboko huyo, picha mdomoni.

"Shikamoo, Mzee," akasema Pimbi.

"Marahaba. Nikosoeni."

Nyumbu akajificha nyuma ya miguu ya Twiga. Kanga akasema, "Inapendeza! Inapendeza!"

"Wewe nyamaza," Kiboko akamwambia Kanga. "Nataka kama mnavyofanyiana. Mama Kiduchu, anza wewe."

Pimbi akaitundika picha. Akaitazama. Upande wa chini kulikuwa na kilima cheusi chenye matundu mawili makubwa. Nyuma ya kilima kulikuwa na mstari mwembamba wa maji.

"Mzee unaijua desturi?" akauliza. "Ukikosolewa husemi kitu."

"Naijua."

"Na ukishasema nimesikia, unakwenda kufanya."

"Mimi ni wa kuvunja desturi?"

Wanyama wakatazama chini. Pimbi akaanza.

"Jema ni kwamba rangi ya tope imetoka vizuri. Kasoro ni pua. Mzee umepiga ukiwa umelala majini, pua zako zimejaa mbele, bwawa limebanwa huko nyuma, halipumui. Afanyeje? Atoke majini, arudi nyuma, mpaka bwawa lote liingie kwenye picha."

Kiboko akafura. Mashavu yakamjaa maneno. Lakini ameshasema si wa kuvunja desturi, na wote wanamtazama.

"Nimesikia," akasema.

Akaondoka, tindi, tindi, tindi. Pimbi akabaki amesimama juu ya mwamba. Hakuwa na hila yoyote alipokuwa anakosoa. Alisema alichokiona tu. Lakini sasa alimwona Kiboko kwa mbali anatoka majini, mzima mzima, maji yakimchuruzika, kwa sababu mtu mdogo amemwambia atoke. Ndipo wazo likamjia.

Ijumaa ya pili Kiboko akaja na picha nyingine. Bwawa limo, mlima umo. Lakini mbingu imekuwa nyeupe pe, na picha yote imelala upande.

"Inapendeza!" akasema Kanga, kisha akakumbuka akajifunika kwa bawa.

Pimbi akasema, "Jema ni kwamba sasa tunaliona bwawa. Kasoro ziko mbili. Umepiga saa ya jua kali, mbingu imeungua. Halafu picha imeinama. Mlima unaanguka kulia na maji yanataka kumwagika nje ya karatasi. Mzee, ulisimamaje?"

Kiboko haruhusiwi kusema. Akatazama pembeni. Lakini walijua wote, maana mguu mmoja wa mbele ulikuwa na tope bichi mpaka gotini na mingine mitatu ilikuwa mikavu. Alikuwa ameshindwa kuyaacha maji. Alipiga picha mguu mmoja ukiwa bado bwawani, yasije yakachukuliwa.

"Afanyeje?" akaendelea Pimbi. "Aende kwenye kile kichuguu kule. Apande juu, asimame kwa miguu yote minne kwenye nchi kavu. Na apige jioni, jua likishashuka, maji yakiwa yametulia."

Kichuguu chenyewe kilikuwa mbali na bwawa. Kiboko alikitazama kichuguu, akalitazama bwawa, akakitazama kichuguu tena.

"Nimesikia," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba.

Jioni hiyo akaenda. Lakini kabla ya kwenda aliwapigia kelele wanyama wote, "Nikiona kwato karibu na maji yangu! Nikiona unyayo! Nikiona hata unyoya!" Wanyama wakakaa mbali. Kiboko akapanda kichuguu, akasimama kwa miguu minne, akahema hema. Kacha! Ziiiii! Bwawa lilikuwa tupu, ukingo mtupu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu. Pimbi alirudi kwenye ufa wa mwamba akamkuta Kiduchu amefumba macho. Akamlamba midomo kwa ulimi ambao nao ulikuwa mkavu.

Ijumaa ya tatu Kiboko hakuja kwa tindi tindi. Alikuja polepole, ameibeba picha kwa heshima. Akaitundika mwenyewe.

Wanyama wakasogea. Kusema kweli, ilikuwa picha. Mbingu ya rangi ya papai lililoiva. Mlima umesimama wima, na chini yake mlima mwingine umelala majini kichwa chini, umetulia tuli. Hata Nyumbu alisahau kiu kwa muda akasema, "Heee!"

"Jema," akasema Pimbi, na safari hii alilisema kwa moyo, "ni mwanga. Mzee, hapa umeweza. Mlima uko mara mbili. Sijawahi kuona mlima wetu ukitoka hivi."

Kiboko akatuna kwa furaha mpaka masikio yakamcheza, prrr, prrr. Akaanza kulitazama Jiwe la Heshima kwa mbali.

"Kasoro," akasema Pimbi.

Masikio yakaacha kucheza.

"Hakuna kiumbe hata mmoja. Anayeitazama hajui bwawa ni kubwa kiasi gani. Mimi nalijua kwa sababu naishi hapa. Lakini mpita njia? Mpita njia ataona maji, basi. Yanaweza kuwa bwawa. Yanaweza kuwa maji yaliyobaki kwenye sahani."

Kwenye sahani! Bwawa lake! Kiboko alitaka kusema kitu, mdomo ukafunguka kidogo, akaufunga kwa nguvu, pup! Macho yakamjaa maji.

"Afanyeje?" akasema Pimbi taratibu. "Aweke wanyama ukingoni. Mrefu mmoja, wa kati wachache, na wadogo wengi. Wao wakionekana wadogo, bwawa litaonekana kubwa."

Kiboko alifikiri. Alifikiri muda mrefu, na kufikiri hakukuwa kazi yake ya kila siku.

"Nimesikia," akasema.

Jioni hiyo wanyama wakaitwa. Wakajipanga ukingoni kwa woga. Twiga, Nyumbu na ndugu zake, Kanga na vifaranga, na mbele kabisa, kwenye tope laini, watoto wa Pimbi, wakubwa wamembeba Kiduchu katikati yao. Pimbi mwenyewe alipanda kichuguuni kando ya Kiboko.

Kiboko akanguruma, "Simameni hapo! Anayegusa maji atanitambua!"

Wakasimama. Kiboko akainua kamera.

"Mzee," akasema Pimbi, "wale wanafanya nini?"

"Wamesimama."

"Naona. Wanaonekana kama wanangoja basi ambalo halijulikani litakuja saa ngapi."

Kiboko akachungulia kwenye kamera. Kweli, walikuwa hivyo hivyo.

"Inameni!" akapiga kelele. "Wekeni vichwa chini! Lakini msiguse maji!"

Wakainama. Midomo ikakaribia maji, ikabaki hapo inatetemeka. Nyumbu akatoa mlio mdogo wa mateso.

"Na sasa?" akauliza Kiboko.

"Sasa wanaonekana wamedondosha sindano wanaitafuta."

"Wafanyeje basi?"

"Ah, Mzee, mimi mkosoaji tu. Picha ni yako."

Kiboko akatazama kwenye kamera. Akatazama jua. Jua lilikuwa limegusa mgongo wa mlima, na ile rangi ya papai ilikuwa inaanza kuondoka majini, polepole, kuanzia ukingoni. Akawatazama wanyama, akayatazama maji yake, akalitazama jua tena. Jasho likamtoka.

"Mwanga unakwenda, Mzee," akasema Pimbi.

"Kunyweni!" akapasuka Kiboko.

Hakuna aliyejongea. Hawakuamini masikio yao.

"Kunyweni nimesema! Nyumbu, kunywa! Twiga, tanua miguu, unywe! Na nyie wadogo hapo mbele, kunyweni kwa bidii, mnaharibu picha!"

Gulugulu gulugulu gulugulu! Bonde zima lilisikika linakunywa. Vijimawimbi vikatawanyika, ule mlima wa majini ukatikisika kwa uzuri. Kacha! Ziiiii! Kacha! Ziiiii! Pimbi hakuitazama picha. Alikuwa anatazama kitu kimoja tu, kichwa kidogo cha kahawia mbele kabisa, kimezama majini mpaka machoni, kinainuka kupumua, kinazama tena. Alitaka kulia kwa furaha, lakini alikuwa kazini.

Ijumaa ya nne, picha ikatundikwa. Kabla mtu hajasema neno, Kiboko akasogea mpaka karibu na Pimbi, akafungua mdomo. Akaufungua wote, meno yale marefu kama michi ya kinu, pumzi ya majani yaliyooza ikampiga Pimbi usoni.

"Nimelipima bwawa langu," akasema. "Maji yameshuka. Walikunywa kweli! Mama Kiduchu, umenichezea."

Watoto wa Pimbi wakaingia ufani wote kwa pamoja. Pimbi alijua akikosea neno moja tu, hakuna Ijumaa nyingine kwake, na hakuna maji kwa Kiduchu.

"Mzee," akasema, "picha imeshatundikwa. Mwenye picha huwa anasema?"

Mdomo ukabaki wazi. Kisha, taratibu, ukaanza kufungika.

Pimbi akaurukia mgunga, akauweka mkono wake mdogo juu ya picha, akawafunika wanyama wote walioko ukingoni. "Tazama," akasema.

Kiboko akatazama. Maji na mlima. Sahani.

Pimbi akautoa mkono. Twiga huyo ametanua miguu, Nyumbu hao, vifaranga wa Kanga wadogo kama punje za mtama, na mbele yao, bwawa. Bwawa kubwa! Bwawa lisilo na mwisho!

Akafunika. Likafa. Akafunua. Likawa hai.

Kiboko hakuhitaji kuambiwa. Aliona mwenyewe, kwa macho yake mwenyewe, na kilichomuuma ni kwamba aliona vizuri.

"Jema ni yote haya," akasema Pimbi. "Na kasoro ni moja. Picha iko peke yake. Nzuri ikiwa moja tu, watu watasema kabahatisha. Afanyeje? Apige nyingine kesho. Na keshokutwa. Kila jioni, mpaka wajue kwamba huyu ni mpiga picha."

Upande mmoja maji, upande mwingine Jiwe la Heshima. Kiboko aligeuza shingo huku, akageuza shingo kule. Akashusha pumzi, fuuu.

"Nimesikia."

Picha ikawekwa juu ya Jiwe la Heshima. Na tangu siku hiyo, kila jua likishuka, Kiboko yuko juu ya kichuguu anafoka. "Mmechelewa! Pundamilia leo wako wapi? Nyumbu, kunywa polepole, unanivurugia maji! Twiga, shingo!" Wanyama wakanywa kila siku mpaka kiangazi kikaisha, na hakuna aliyekufa kwa kiu bondeni.

Halafu mvua ikanyesha. Ikanyesha ikanyesha. Mto ukajaa, visima vikajaa, kila shimo likawa na maji yake. Jioni moja mvua ikakatika, jua likatoka chini ya mawingu, bonde zima likawaka. Ulikuwa mwanga mzuri kuliko wote wa mwaka ule. Kiboko akakimbilia kichuguuni, akainua kamera. Ukingo mtupu.

Akashuka. Akaenda kwa Twiga. "Njoo unywe."

"Asante, Mzee. Nimekunywa huku huku."

Akaenda kwa Nyumbu. "Njoo unywe, bwana, hata kidogo."

"Tumbo limejaa, Mzee."

Akaenda kwa Kanga. Kanga alisema inapendeza, lakini hakwenda. Mwisho akafika mwambani kwa Pimbi, anahema, kamera shingoni.

"Mama Kiduchu, hodi. Niazime mtoto. Anywe mara moja tu, nimpige, arudi."

Pimbi alimtazama. Alikuwa mkubwa vilevile na meno yale yale, lakini alisimama pale mlangoni kama mgeni. Pimbi akamwita mwanawe, ambaye sasa alikuwa amenenepa na ana kelele nyingi. "Kiduchu, nenda ukanywe maji kwa babu."

"Sina kiu, mama."

"Nenda tu, ujifanye unakunywa."

"Hapana," akasema Kiboko. "Itaonekana kwenye picha."

Akaketi chini kando ya mwamba, akaiweka kamera juu ya magoti, akaanza kungoja Kiduchu aone kiu.

Basi hapo ndipo hadithi ilipofika kwake, nami nafika kwangu. Aliyesinzia atasimuliwa na jirani.

Na fundisho? Fundisho ni hili, mlishike vizuri. Mkubwa akikuonyesha picha yake, sema inapendeza, nenda zako. Pimbi alijitia kusema ukweli, na mpaka leo hana jioni ya kupumzika, mlangoni kwake kuna Kiboko.

Lakini Kiduchu alipona!

Kimya. Nimeshasema fundisho ni hilo.